Mama wa Tanga na bahari baridi ya Brighton

Mwezi Juni katika mji wa Brighton, kusini mwa Uingereza, jua huzama saa tatu na robo usiku. Ndiyo, usiku. Kwa Mswahili anayehesabu saa zake kwa kuchwa na kucha, maneno hayo hayakai pamoja. Saa tatu usiku watoto wawe wamekula, wameoga na wamelala, si kufukuzana na mpira mtaani huku jua likiwapiga usoni. Alfajiri nayo ni vituko vilevile. Saa 11 haijagonga, nje kumekucha, na kijana wa miaka sita amekwishasimama kando ya kitanda cha mama yake akiuliza leo wanakwenda wapi.

Mama huyo ni mzaliwa wa Tanga, ana miaka 38, na kazi yake ni kuhudumia wazee katika nyumba ya kulelea wazee mjini humo. Alitangulia mwenyewe mwaka 2022, watoto wake wawili wakamfuata mwaka uliofuata. Walipata bahati ya muda, kwa sababu Machi 2024 wahudumu wapya wa aina yake kutoka nje walikatazwa kuja na familia. Baba wa watoto yuko Tanga, kibarua chake ni bandarini. Mama anaishi nyumba moja na dada wa Mombasa, naye mhudumu, mwenye watoto wawili. Wanapokezana zamu: mmoja akiwa kazini, mwenzake anabaki na watoto wote wanne.

Kutoka mlangoni kwao hadi ufukweni ni mwendo wa dakika ishirini kwa miguu. Majira yao ya joto ya kwanza, hawakwenda hata mara moja.

Sababu aliyokuwa akiwapa watoto ni kazi, na haikuwa uongo. Shule za Uingereza hufungwa kwa takriban wiki sita, kuanzia mwishoni mwa Julai hadi mwanzoni mwa Septemba, na wiki hizohizo wenyeji huchukua likizo. Zamu zinazobaki wazi huwa nyingi, na zamu ya ziada ni ada ya mdogo wake aliyeko chuo. Lakini ilikuwapo sababu nyingine ambayo hakuisema kwa sauti, na mzazi yeyote mwenye ndugu ng'ambo anaijua kutoka upande wa pili. Weka picha moja ya ufukweni kwenye status, watoto wanacheka na koni za aiskrimu mkononi, na kabla ya magharibi zitakuwa zimeingia meseji tatu: "Naona mnakula raha huko." Hakuna anayeuliza kama umelala. Mama huyo akaona njia nyepesi ni kutoonekana akifurahi. Na usipotaka kuonekana ukifurahi, mwisho wake huendi mahali penye furaha.

Mwanawe wa kiume ndiye aliyemuuliza, mwezi Agosti, wakiwa ndani ya basi linalopita kandokando ya pwani: "Mama, bahari ya hapa ni ya Wazungu?"

Hakumjibu. Lakini swali lilimkaa.

Kazini alikuwa na bibi mmoja wa miaka 91 ambaye kila asubuhi, akiinuliwa na kuvishwa soksi, aliuliza swali lilelile: bahari iko vipi leo? Ujanani bibi huyo alikuwa akiogelea baharini mwaka mzima, hata Januari. Kwa Brighton hilo si la ajabu; mji huo una klabu ya waogeleaji iliyoanzishwa mwaka 1860 na wanachama wake huingia majini hata wakati wa baridi kali. Mhudumu aliyezaliwa pwani na kukulia pwani alikuwa akijibu, "Sijaiona." Akisema hivyo siku ya kwanza, ya pili, ya kumi, mwishowe mtu huona haya. Akaanza kushuka kituo kimoja kabla ya chake ili apite ufukweni, aangalie, apate la kusema. Maji yamejaa. Maji yamekupwa. Kuna upepo. Maneno aliyoyajua tangu utotoni, alipokuwa akitumwa kununua dagaa asubuhi, yalimrudia kwa lugha nyingine.

Huo mji wenyewe ulijengwa na matibabu. Katikati ya karne ya 18 Brighton ilikuwa kijiji cha wavuvi tu. Mwaka 1750 daktari Richard Russell, aliyekuwa akifanya kazi mji jirani wa Lewes, alichapisha kitabu akidai kwamba maji ya bahari ni dawa ya magonjwa ya tezi, ya kuogea na hata ya kunywa. (Ya kunywa, mzazi usijaribu. Chumvi yake hukausha mwili badala ya kuunywesha, na kwa mtoto ni hatari zaidi.) Matajiri wa London wakamiminika. Wengi hawakujua kuogelea, hivyo ikazuka kazi ya watu wa kuwachovya wagonjwa majini na kuwatoa. Aliyevuma kuliko wote katika kazi hiyo ni Martha Gunn, mwanamke wa familia ya wavuvi, aliyefariki mwaka 1815.

Na mgeni naye alipata riziki humo. Sake Dean Mahomed, mzaliwa wa Patna nchini India, alifungua bafu zake ufukweni hapo mwanzoni mwa karne ya 19, akiwafukiza wateja kwa mvuke na kuwakanda kwa mafuta. Pwani yetu tungesema aliwasinga. Alisifika hadi akateuliwa kumhudumia Mfalme George wa Nne. Kwa hiyo mtu wa mbali anayewashika Waingereza mwili ili wapate nafuu si jambo jipya Brighton. Mama wa Tanga hakuijua habari hiyo hadi bintiye alipoileta kutoka shuleni, na inasemekana aliicheka sana, kwa sababu siku hiyo mgongo wake mwenyewe ulikuwa ukimuuma kwa kuinua wazee.

Joto la juu, baridi ya chini

Jumamosi ya mwanzoni mwa Juni, majira yao ya pili, aliamua kuwapeleka. Watoto wanne, dada wa Mombasa, beseni la maandazi, chupa za maji na mkeka mmoja. Hewa ilikuwa ya joto kabisa. Ufukwe wa Brighton hauna mchanga wa kulalia. Ni mawe laini ya mviringo, kilima cha mawe kinachoshuka majini, na ukikaa bila kitu cha kutandika utajuta. Watoto walichoma mwendo juu ya mawe hayo wakilalama kana kwamba wanakanyaga makaa. Shakwe, ndege weupe wakubwa wa hapo, wasiojua aibu, wakampokonya mmoja wao andazi kutoka mkononi.

Hapa ndipo wazazi wa pwani wanapohitaji kusoma taratibu. Bahari ya Tanga, hata wakati wa kipupwe, hukaa karibu nyuzijoto 25. Bahari ya Brighton mwanzoni mwa Juni huwa kama nyuzijoto 13 au 14, na hata Agosti, inapofikia kilele, ni 17 au 18. Jua linaweza kukuchoma mgongo huku maji yakiwa na ubaridi wa kilele cha Usambara usiku wa Julai. Ngozi ikikutana na baridi ya ghafla namna hiyo, mwili haukuombi ruhusa. Mtu huvuta pumzi kwa nguvu bila kutaka, halafu anahema mbiombio, mapigo ya moyo yanapanda na shinikizo la damu nalo. Pumzi hiyo ya kwanza ikivutwa uso ukiwa ndani ya maji, kinachoingia ni maji. Ndiyo maana mtu anayejua kuogelea vizuri kabisa anaweza kuzama mita tano kutoka ufukweni. Mshtuko huo hupungua baada ya dakika moja hadi moja na nusu. Kazi yote ni kuivuka hiyo dakika.

Binti, aliyekuwa na miaka 11, aliingia kwa kukimbia. Alikuwa na haki ya kujiamini, kwa sababu mtaala wa shule za England unamtaka mtoto amalize shule ya msingi akiweza kuogelea angalau mita 25, na yeye alikuwa amezimaliza kwenye bwawa lenye maji ya uvuguvugu. Hatua tatu, na kilima cha mawe kikaisha chini ya miguu yake. Pale maji hayakungoji ufike mbali ndipo yawe marefu. Mama yake alimwona akiinuka, mdomo wazi, macho yametoka, bila sauti. Watoto wanaozama hawapigi kelele kama kwenye sinema. Hawana pumzi ya kupigia kelele.

Mama aliingia na gauni lake hadi kiunoni. Mawe yakateleza chini ya nyayo, wimbi likampiga kifuani, naye pia akapoteza pumzi. Hapo akakumbuka jambo alilolijua miaka yote bila kulitilia maanani: hajui kuogelea.

Aliyemwokoa binti, kwa hakika, ni binti mwenyewe. Shuleni walikuwa wamefundishwa kile ambacho RNLI, shirika la hisani la uokoaji baharini lililoanzishwa mwaka 1824, hukihubiri kila msimu: usipambane na maji, elea. Laza kichwa nyuma hadi masikio yazame, tulia, jitahidi kupumua kawaida, punga mikono taratibu kujisaidia, na miguu ikizama usijali, kila mwili huelea kwa namna yake. Pumzi ikirudi, ndipo upige kelele au uogelee. Akalala chali. Mwokoaji wa zamu aliyekuwa juu ya kiti chake tayari alikuwa majini na ubao wake, na walipofika nchi kavu yeye ndiye aliyewaonyesha, bila kuwafokea, bendera mbili za rangi nyekundu na njano zilizokuwa mita chache upande wa kulia. Kati ya bendera hizo ndipo waokoaji wanapolinda. Familia ilikuwa imetandika mkeka nje yake.

Walikaa pale saa nzima, wamefunikwa kanga zote walizokuwa nazo, wakinywa chai ya dada wa Mombasa. Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kusema turudi nyumbani.

Ambacho hatuwafundishi mabinti

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu wapatao 300,000 walikufa maji mwaka 2021, na watoto wadogo ni miongoni mwa wanaoathirika zaidi. Sehemu kubwa ya vifo hivyo hutokea katika nchi za kipato cha chini na cha kati, yaani kwetu: mtoni, kisimani, ziwani, baharini. Hata hivyo pwani ya Afrika Mashariki ina jambo la kushangaza ambalo hatulizungumzi mezani. Mtoto wa kiume hujifunza kuogelea kwa kuruka gatini na wenzake, hakuna anayemuuliza. Dada yake anakulia hatua hamsini kutoka majini, anaokota kombe, anakata mwani, na anaolewa bila kujua kuelea. Atafundishwa na nani, avae nini, nani atamwona? Hayo ni maswali ya kweli na yana majibu ya kweli: Zanzibar, kijijini Nungwi, wapo wasichana waliofundishwa kuogelea wakiwa na mavazi ya kuwasitiri mwili mzima, na walimu wao ni wanawake wenzao.

Ng'ambo kuna kikwazo kingine, nacho ni kichwa. Mama anayelipa msusi fedha za zamu nzima hataki kuona misuko ya binti yake ikiharibiwa na maji ya chumvi au ya klorini. Kwa muda mrefu kofia za kuogelea zilishonwa kwa nywele za Kizungu. Mwaka 2021, kabla ya Olimpiki ya Tokyo, shirikisho la kimataifa la kuogelea lilikataa kofia kubwa za Soul Cap zilizotengenezwa kwa ajili ya nywele za Kiafrika. Kelele zilipozidi, mwaka 2022 zikakubaliwa. Binti wa Tanga sasa anayo moja, ya zambarau. Si kila kofia huzuia maji yote, kwa hiyo baada ya kuoga kichwa husuuzwa kwa maji baridi na kupakwa mafuta, kazi ambayo mdogo wake wa kiume huiangalia kwa kejeli kwani yeye ni kipara.

Kuhusu jua, mama huyo alikuwa na imani ya wengi kwamba losheni ya kujikinga ni ya Wazungu. Ngozi nyeusi ina kinga zaidi, hiyo ni kweli, lakini nayo huungua, na watoto wanaocheza kando ya maji tangu asubuhi hadi saa tatu usiku hupata jua la siku mbili ndani ya siku moja. Ushauri wa huduma ya afya ya Uingereza ni kivuli kati ya saa 5 asubuhi na saa 9 alasiri, na losheni ya kinga namba 30 au zaidi. Upande mwingine, huduma hiyohiyo inawashauri watu wenye ngozi nyeusi wafikirie kumeza mikrogramu 10 za vitamini D kila siku mwaka mzima, kwa sababu jua la kule huenda lisitoshe ngozi zao. Jua likizidi tatizo, likipungua tatizo. Mama alilizungumza na mfamasia wa mtaani, akatoka na chupa mbili, ya kupaka na ya kumeza.

Usingizi ulitatuliwa na pazia zito jeusi lililonunuliwa dukani la mitumba. Watoto hulala saa mbili na nusu usiku, jua lipo, wanadanganywa na giza la chumbani. Mdogo amekwishagundua.

Vuli ya mwaka huohuo mama alijiandikisha kwenye darasa la wanawake pekee, jioni, katika bwawa la mjini. Alikuwa wa pili kwa umri. Wiki ya kwanza alijifunza kutia uso majini na kutoa pumzi kwa mapovu, jambo ambalo mwanawe hulifanya kwenye beseni. Wiki ya nne aliweza kulala chali bila kushikwa. Kufikia Juni mwaka 2025 alikuwa ameogelea mita 15 mfululizo. Bintiye alihesabu, akamwambia zimebaki kumi, kwa sauti ya mwalimu.

Picha nazo ameanza kuzituma. Si status, anazituma kwa mama yake tu, aliyeko Tanga. Meseji za ada zinakuja vilevile, picha au bila picha, kwa hiyo ameona ya nini kujinyima.

Mwezi Julai walizungumza kwa video. Tanga ilikuwa kipupwe, na bibi wa watoto alikuwa amejifunga sweta na kanga juu yake. Brighton ilikuwa saa mbili usiku na mchana kweupe.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hamjambo huko? Mbona umelowa?"

Akamweleza kwamba wametoka baharini, na kwamba siku hizi anaogelea, kati ya bendera, na watoto. Alitarajia kuambiwa kwamba mwanamke wa umri wake na adabu zake hafanyi hivyo. Bibi alinyamaza, kisha akacheka hadi simu ikamponyoka.

"Sisi tulikuwa tunakwenda Raskazone usiku," alisema alipoiokota. "Mbalamwezi, maji yamejaa, wasichana sita, kanga zimefungwa kiunoni. Mimi nilikuwa nawashinda wote."

"Unajua kuogelea, mama?"

"Najua, kwa nini nisijue?"

"Sasa mbona hukunifundisha?"

Bibi akaweka sweta lake vizuri, akakohoa kidogo, akauliza kama watoto wamekula.